Niinulie Dari

Mtaalamu wa viungo alikuwa na sharti moja: mashine ya umeme haiachiwi kazi peke yake. Alipokwisha kubandika nyaya kwenye wayo bapa wa mpishi wa kantini, ambaye maumivu ya kusimama yalikuwa karibu kumtoa jikoni, alipiga magoti sakafuni, akapenyeza kidole chini ya wayo na kungoja.

"Umeme ukivuta, dada, nawe vuta. Upinde wa wayo ndio dari ya kidole changu: niinulie dari."

"Si ndiyo ninavuta!"

"Unakunja vidole kama kuku kwenye kamba. Vidole vilale, wayo uinuke."

Mpishi alicheka, akajaribu tena. Kiti kilikuwepo, ila mtaalamu hakukikalia hata mara moja. Alisema ukiwa kitini unauona mguu, lakini huuhisi. Kila wiki alipiga magoti vilevile, mpaka asubuhi moja alipozima mashine na kusema taratibu, "Haya, sasa vuta mwenyewe." Wayo ukainuka, kidole kikapita bila kuguswa. Mpishi akataka kusema ahsante, machozi yakamtangulia.

Leo anasimama jikoni kutwa nzima. Mtaalamu aliyemsimamisha, magoti yake yamechakaa kwa sakafu: akiyapiga, hainuki tena bila kushikwa mkono.