Zamu ya Akina Mama Bwawani

Miaka ile biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi nilikuwa Bibi Maendeleo wa kata moja huku milimani Mbinga. Kiwanda kidogo cha kumenya na kuosha kahawa kijijini kwetu kilikuwa kimefungwa, likabaki tangi lake la zege, pana kama darasa, likijazwa na mfereji wa mlimani. Watoto walijitosa humo kwa kujificha. Mkutano wa kijiji ukaamua kwamba badala ya kuwafukuza kila siku, tangi lifanywe bwawa la watu wote na watu wafundishwe kuogelea. Kazi ya kupanga mafunzo nikapewa mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuingia kwenye maji yaliyopita magoti.

Nikamwendea mkunga mstaafu, mzaliwa wa Lituhi, kule ziwani, aliyejua kuogelea tangu utoto na kuolewa huku kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na karatasi, basi kuna kazi."

Siku tatu tulikaa jikoni kwake tukipanga. Aliwaza mambo ambayo mimi nisingeyawaza. Wazee wenye magoti mabovu wapewe saa za mchana, jua likishapasha maji, watembee tu humo wakishika ukuta. Fundi cherehani wetu aliyelemaa mguu awe na siku yake, asichekwe. Wanaoogopa kuingia nao wafundishwe kurusha kamba na kunyoosha mti mrefu, kwa sababu anayezama akikukumbatia shingo mnakwenda wote. Kila Jumamosi maji yafunguliwe yaende kwenye bustani za maharage, tangi lisuguliwe. Na kabla ya kupiga mikono, kila mtu ajue kulala chali juu ya maji.

Tulitofautiana kwa jambo moja tu.

"Anza na wanawake wanaoshuka ziwani," alisema. Siku hizo wengi walikuwa wakishuka na maharage na unga, wanapanda mashua kijiji hadi kijiji, wanarudi na magunia ya usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani.

"Mkutano umetaja watoto wa shule, mama. Na akina mama hawana nafasi mpaka kahawa ivunwe."

"Umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Niliandika watoto kwanza, wazee wafuate, akina mama mwisho, baada ya mavuno. Ukweli ni kwamba nilijua wageni wa wilayani wangekuja kutazama, na watoto hupendeza machoni pa wageni. Mkunga aliisoma ratiba, akaenda kupuliza moto.

Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata kuzaliwa, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao. Alipita bwawani siku moja akiwa na mzigo kichwani, akasimama kuwatazama watoto wakirusharusha miguu.

"Dada, na sisi lini?"

"Mavuno yakiisha."

"Mpaka huko nitakuwa bibi kizee," akasema, akacheka, akaenda zake.

Mavuno yalikuwa yamefika katikati. Ule ndio msimu wa mwera, upepo wa kusini unaochafua ziwa. Mashua aliyopanda mdogo wangu na wenzake iliondoka Lituhi asubuhi, ikapinduka kabla haijafika mbali. Watu waliokuwa ufukweni waliiona. Waliojua maji walishikilia mashua iliyogeuka mpaka wakafikiwa. Mwanamke aliyeketi naye alinisimulia baadaye kwamba mdogo wangu aliibuka mara mbili, akawa anapigapiga maji kwa viganja kama mtu anayebisha mlango. Walimpata siku ya tatu upande wa Kihagara. Tulimpandisha kwa lori, tukamzika nyumbani kwa mama yetu.

Mkunga alikuja msibani, akapika na wenzake, akalala kwenye mkeka pamoja nasi. Hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho. Afadhali angenilaumu. Matanga yalipoanuliwa nilimwambia naichana ile ratiba, kazi apewe mwingine.

"Usichane," alisema. "Geuza. Jumatatu waje wanawake."

Walikuja na kanga zao, wengi kuliko tulivyotarajia, na kahawa bado iko mitini. Nafasi ilikuwepo tangu mwanzo. Nami niliingia. Maji ya mlimani yalinikata pumzi. Mkunga aliweka kiganja chini ya kisogo changu, akaniambia nilegeze shingo, nikashindwa, nikazama, nikameza maji, akaniinua. Mara ya nne au ya tano nililala. Masikio yakiwa ndani ya maji nililia, na kwa kuwa uso ulikuwa umelowa tayari, hakuna aliyejua ila yeye.

Tulifundisha kwa msimu mmoja na nusu. Kisha majengo ya kiwanda yalichukuliwa na mnunuzi wa kahawa kutoka nje, akazungushia uzio, na tangi likarudi kuosha kahawa. Hakuwa mtu mbaya; alihitaji maji. Mkunga alifiwa na mumewe, akarudi kwao ziwani. Akina mama waliendelea kushuka na maharage yao, baadhi wakijua kuogelea, wengi hawajui.

Mama yetu hakuwahi kuniuliza habari za ratiba. Mara moja tu, miaka imepita, tulikuwa tukichambua maharage uani, akaniuliza kwa Kimatengo:

"Hivi mdogo wako alikuwa anajua maji?"

"Hapana, mama."

"Na wewe?"

"Najua kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta ungo karibu, akaendelea kuchambua.