Vigae vya Nyuma ya Nyumba

Juma lililopita walipita kwetu watu wanaotembea kwa miguu kutoka Katito hadi ufuoni mwa ziwa, kijiji kwa kijiji, wakitafuta, kama bango lao lilivyosema, ubunifu wa mwananchi wa kawaida. Chifu aliniomba niwapokee, kwa kuwa mimi ni afisa mstaafu wa maendeleo ya jamii na koti langu la ofisini bado linanitosha. Nilivaa koti, nikawapokea. Lakini tangu walipoondoka sijatulia, msomaji wangu, na naona ni wajibu wangu kuiweka habari hii sawa: matembezi ya namna ile hayakuanza na wao. Nyanya yangu aliyatembea nilipokuwa mtoto, bila bango.

Nyanya alikuwa mfinyanzi. Baada ya mavuno, yeye na wenzake walifunga vyungu kwa kamba za makonge, wakaweka kata za nyasi vichwani za kutulizia mzigo, wakashika njia. Shule zikifungwa nilifuatana nao, kazi yangu ikiwa kubeba kibuyu cha uji na kufukuza mbwa wa watu. Hata leo naisikia harufu ya nyasi kavu zilizotandikwa kati ya chungu na chungu, na naukumbuka udongo mweusi wa tambarare ulioning'ang'ania miguuni. Bei ilijulikana: chungu kilijazwa mtama hadi mdomoni, nafaka ikawa ya mfinyanzi, chungu kikawa cha mwenye nyumba. Jioni tulipikiwa samaki mkavu kwa maziwa, na ugali wa mtama uliokuwa mwekundu na mzito.

Hata hivyo, mtama haukutangulia. Kwa desturi, hakuna mama wa boma aliyetupa chungu kilichovunjika. Vigae vilirundikwa nyuma ya nyumba mpaka wafinyanzi warudi. Nyanya alipofika, kabla hata ya kukaa, aliuliza: "Kile cha mwaka jana, kilipasukia wapi?" Basi wote wakazunguka nyuma, na huko maneno yalikuwa makali.

"Chungu chako ni kama mume wangu," mwenyeji mmoja alimwambia. "Kinavuja, na bado kinataka kusifiwa!"

"Mume hatukukufinyangia sisi," nyanya alimjibu huku akinusa kigae. "Lete hicho kingine."

Walicheka, lakini kigae kilipita mkono kwa mkono, nao wakabishana: mchanga ulizidi, hapana, moto uliwahi kabla hakijakauka, hapana, kitako ndicho chembamba. Mwaka uliofuata, boma lile liliuziwa chungu cha namna nyingine. Nyanya alizoea kusema kwamba aliyekupa kigae amekupa zaidi ya aliyekupa mtama.

Sasa nieleze yaliyompata jirani yangu, mfinyanzi pekee aliyebaki kijijini. Ziwa lilipopanda, lilifunika machimbo yetu ya udongo, na maji ya vyoo yakaingia visimani. Katika kipindupindu kilichofuata alimzika mjukuu wake. Wawili wamebaki, naye ndiye anayewalea. Kuni za kuchemshia maji hazipatikani kila siku. Kwa hiyo ameanza kufinyanga chungu cha kuchujia: huchanganya udongo wa mlimani na unga wa magugu maji yaliyokaushwa, ili moto uuteketeze unga na kuacha vitundu vidogo ambavyo maji hupenya, uchafu ukabaki nyuma. Maji hutoka safi. Lakini kila chungu hupasuka upesi, na watoto hurudi kunywa ya kisimani.

Aliwangoja wageni wale kwa hamu. Aliweka chungu kipya mezani, na kando yake, juu ya gunia, akapanga vigae vya vile vilivyopasuka.

"Mama, hii ni ubunifu ya hali ya juu!" alisema kiongozi wao, kijana mchangamfu kutoka mjini. "Tumpigie Mama makofi ya kilo!"

Wakapiga.

"Asante, lakini hii inapasuka," jirani akasema. "Tazama hapa, kijana wangu. Nyinyi mmetembea sana, mmeona wafinyanzi wengine. Wao hufanya aje?"

"Usijali, Mama, wewe tayari ni mshindi. Shika hicho kizima tukupige picha."

Mwenzake alilisogeza gunia kwa mguu ili vigae visionekane pichani.

"Bwana," nikasema, "Mama amekuuliza swali."

"Mzee, tunangojwa kijiji kingine."

Wakamvika fulana yenye maandishi, wakaenda zao wakiimba.

Nilivuta kiti. Nikamuuliza jirani yangu swali ambalo sikuwa nimelisikia tangu utoto: "Kilipasukia wapi?" Alipiga magoti, fulana ile ingali juu ya gauni lake, akachagua kigae kimoja na kuniwekea mkononi. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kitako na kupanda hadi begani. Nilikinusa, kama nyanya alivyofanya. Kilinuka moshi, basi. Wale ambao wangekinyang'anyana na kubishana juu yake wamelala makaburini wote, na hakuna aliyewarithi katika njia ile. Mimi nilibeba uji. Swali nililisikia kila mwaka. Jibu lilikuwa mikononi mwao, nao wamekwenda nalo.

"Sema, Mzee," alinihimiza. "Ni mchanga ama ni moto?"

Nilikuwa bado nimekishika kigae wajukuu wake walipoingia na mtungi wa plastiki kutoka kisimani. Walijaza kikombe, wakapokezana, wakanywa.