Siku Noti Ilipoganda Usoni Kwangu

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi: mie, MC Bashasha, mtu ambaye Temeke nzima sendoff haijawa sendoff mpaka nishike maiki (najisifu, ndiyo, na nitajisifu mpaka mwisho), niliwahi kusimama mbele ya ukumbi uliofurika, nywele zimeganda mabonge meupe, noti imenasa usoni haibanduki, na shangazi wa bibi harusi ananiita mwanga. Yote hayo kwa sababu nilikataa kuosha kichwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwaka huo nilikuwa nachekesha watu mpaka wanashika mbavu, halafu nikirudi nyumbani nakaa kwenye kochi na suti yangu, siwezi hata kuinama kufungua kamba za viatu, na mke wangu Zuhura anapiga goti ananivua kama mtoto wa chekechea. Usingizi hakuna, chakula nakiona kama mchanga. Siku moja akabaki ameshika kiatu mkononi, akaniambia, "Baba Nasra, huku si kuchoka. Twende hospitali."

Tukaenda. Daktari, mama mmoja mtulivu, akaniuliza maswali mengi, akasema anahisi ni sonona, na kwamba pale kwao kuna utafiti wa kupima mawimbi ya ubongo ili kusaidia kuitathmini. Akanieleza vizuri tu kwamba mashine haitoi hukumu peke yake, inakwenda pamoja na maswali na mazungumzo. Mie nikakubali hata kabla hajamaliza, maana maneno yangu mwenyewe nilikuwa siyaamini. Utasemaje una huzuni na jana tu umechekesha ukumbi mzima? Nikataka kitu kingine kiniangalie, kiniambie kama naumwa au najideka. Ila nikamwapisha Zuhura asimwambie mtu yeyote, hata mama yake. Nani atamkodi MC mwenye sonona?

Siku ya kipimo ikaangukia siku ya sendoff ya kumuaga binti mmoja wa Tandika anayeolewa, anaitwa Rehema. Zuhura akasema niombe siku nyingine, mie nikasema asubuhi hospitali, alasiri ukumbini, kuna tatizo gani? (Mnaona mtu anavyojichimbia.)

Pale hospitali fundi wa mashine, kijana mpole sana, akanipima kichwa kwa tepu kama fundi cherehani, kila anapopima anaweka alama ya kalamu nyekundu, kichwani mpaka kwenye paji la uso. Kisha kila penye alama akapaka dawa nzito nyeupe, inanata kama uji wa muhogo, akabandika vikombe vidogo vyenye nyaya na kuvishikiza kwa pamba. Akaniambia nifumbe macho, nitulie. Nikafumba. Baada ya muda nikasikia sauti yake ya upole, "Kaka, samahani, usitabasamu. Misuli ya uso inavuruga mistari yetu."

"Sitabasamu," nikamjibu.

"Unatabasamu, kaka. Pumzisha uso tu."

Jamani. Nilikuwa natabasamia mashine! Nimelala peke yangu kitandani, macho nimefumba, hakuna mgeni hata mmoja wa kumfurahisha, na meno yapo nje. Nikajaribu kuulegeza uso, mashavu yakashuka, na yaliposhuka machozi yakatoka yenyewe, yakateremka mpaka masikioni. Yule kijana alisubiri nimalize, akanifuta, tukaanza upya.

Tulipomaliza muda ulikuwa umekwenda. Kijana akanionyesha bomba, akasema nioshe vizuri kwa maji ya moto, ile dawa ina ubishi. Bomba lenyewe linatoa maji ya baridi, simu inaita, mwenyekiti wa kamati ya sendoff anauliza nimefika wapi. Nikawaza, kwani kofia zipo za nini? Nikachukua kofia yangu ya pama ya kijani (rangi ya kamati ilikuwa kijani na dhahabu), nikaizamisha mpaka kwenye nyusi, nikapanda bodaboda.

Na nilianza vizuri, nisijinyime sifa zangu. Wazee niliwaamkia kwa heshima, akina mama niliwapandisha vigelegele, upande wa bwana harusi niliwatania mpaka baba mkwe akamwaga soda. Ila ukumbi ulikuwa na joto, feni zinazunguka kwa kujikongoja, na chini ya kofia ile dawa ikaanza kulainika. Tone la kwanza jeupe likanishukia pembeni ya jicho. Nikalifuta kwa mkono wa koti, nikaendelea.

Ndipo DJ akaweka taarabu, watu wakaanza kutunza. Mnajua mambo yetu, ukimfurahia mtu unakwenda kwake unacheza na noti yako, unambandika usoni. Shangazi yake Rehema, Bi Mwanahawa, mwanamke wa Mbagala mwenye mwili wake na sauti yake, akaja anayumba taratibu, kanga kiunoni, watu wanamshangilia, na alipofika kwangu akaona kofia inamziba. Akaisukuma nyuma kwa kidole kimoja. Akaibandika noti katikati ya paji la uso, kofia ikaanguka.

Noti haikuanguka. Akaivuta, na ngozi yangu ikaja nayo. Akaona alama nyekundu, akaona nywele zilivyosimama mabonge mabonge, akapeleka mkono nyuma ya sikio langu akatoka na kipande cha pamba chenye dawa nyeupe, akakiinua juu watu wote wakione.

"Huyu katoka kwa mganga! Mwanga huyu, kachanjwa! Kaja kutuvurugia mtoto wetu!"

DJ akazima muziki. Rehema akaanza kulia, mama yake akamkumbatia. Mwenyekiti wa kamati akaja kwangu kwa hatua za mtu anayekuja kutoa mtu nje, na simu kila upande zimeinuliwa zinarekodi. Nilikuwa na dakika ya kuchagua. Ningeweza kusema ni rangi ya nywele, ni gundi, ni mchezo wa MC, na wangecheka, maana kuwachekesha ndiyo kazi yangu. Mdomo ulishaanza hata kutabasamu wenyewe. Nikamkumbuka yule kijana wa mashine. Nikaupumzisha uso, mbele ya watu wote wale, noti ikiwa inaning'inia.

Nikasema kwenye maiki, "Shikamooni wazee wangu. Sijatoka kwa mganga, nimetoka hospitali. Nimepimwa mawimbi ya ubongo, daktari anataka kujua kama nina sonona. Hizi ni alama zao, na hii ni dawa ya kubandikia nyaya. Mie nawachekesha nyie hapa, nikifika nyumbani siwezi kuvua viatu, mke wangu ndiye ananivua."

Nyuma kule mtu akasema "Chizi!" na wawili watatu wakacheka. Mie nikajua kazi imeisha, nikainama kuokota kofia yangu.

Bi Mwanahawa akanishika bega. Akafungua kanga yake kiunoni, akachukua chupa ya maji mezani, akailowesha, akaanza kunisugua paji la uso kwa nguvu zote, mbele ya ukumbi, huku ananigombeza. "Si ungesema, mwanangu! Mtu ukiumwa tumbo unasema, kichwa kina nini? Tulia nikufute!" Noti ikabanduka vipande viwili. Akamgeukia aliyesema chizi, akamwambia asimame aonekane. Hakusimama mtu. "Haya," akasema, "MC, shughuli iendelee."

Nikaendelea, nywele hivyo hivyo. Na sijawahi kusherehesha kama siku ile, wallahi.

Video ilisambaa, bila shaka. Mtaani wakanipa jina la MC Uji, na ninaliitikia. Majibu yalipokuwa tayari daktari akayaweka pamoja na maswali yake, akathibitisha sonona, nikaanza matibabu. Kazi hazikupungua. Na viatu (hili naomba mlisikie vizuri) sasa hivi navua mwenyewe.

Baadaye kidogo Bi Mwanahawa akanipigia simu, akanong'ona, mwanamke yule ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona. "Mwanangu, kule kwenu wanapima na watu wazima kama mie? Tangu mzee wangu afariki, sina raha."

Tulimpeleka mie na Zuhura. Nimeapa sitatoka tena pale bila kuosha kichwa, wala sitamruhusu mtu wangu atoke hivyo, kwa hiyo tulibeba shampuu, taulo na chupa kubwa ya maji ya moto. Alipotoka kwenye mashine Zuhura akamuosha nywele pale bombani, mie nimegeukia ukutani nimeshika mkoba wake na kanga yake, kifua mbele. Nikamsikia Bi Mwanahawa anasema, "Yule kijana kaniambia nisikunje uso. Kumbe mie nilikuwa nimeukunja miaka yote hii."