Mikono Isiyopakwa Mafuta

Don Rosamel, anayefuta vioo vya darubini mlimani katika jangwa la Atacama, humtania mama mhandisi kila siku: "Hiyo mikono ni ya mchimba chumvi." Ukavu wa jangwa umeipasua hadi inatoka damu, lakini mama hagusi mafuta, asije akachafua kioo. Hata kiti hakikalii kabla ya kukipuliza. Miaka kumi na tisa anasanifu mtambo wa kukutanisha mwanga wa darubini mbili, ili mwanga wa nyota ujizime wenyewe, libaki vumbi linaloizunguka. Mwaka jana vumbi hilo lilionekana, naye akalitangaza. Leo asubuhi halipo.

"Kioo cha darubini ya pili ulikifuta lini, don Rosamel?"

"Jana, mama. Kilikuwa kimeshika vumbi la mwaka mzima, we acha tu."

Mama akaitazama tena picha ya mwaka jana. Kioo kimoja kikichafuka, mwanga haulingani, na nyota haizimiki yote. Mabaki ya mwanga huo ndiyo aliyoyatangaza kuwa vumbi la nyota.

"Kumbe vumbi lilikuwa letu," akasema, akaketi bila kupuliza kiti. "Una mafuta ya mikono?"

Don Rosamel akamtolea kikopo chake. Mama akajipaka taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka kikopo kikaisha.