Kibuyu cha Mbegu na Friji la Kuazima

Jirani yangu hapa Tunduma ana tabia ya kuchoma taka kila jioni, na mimi nina tabia ya kukasirika kila jioni. Moshi wa plastiki ukiingia dirishani, ule moshi mzito unaokwama kooni, wanangu hufunga dirisha wakaendelea na mambo yao. Mimi siwezi. Harufu ile hunirudisha kwetu, kijijini nyuma ya Nanyala, uani kwa baba yangu, nikiwa na miaka tisa, nimeshika kijiti, nalia kwa hasira. Watu husema hasira hasara. Haya, nimekubali, lakini leo nisikilizeni kwanza ndipo mnihukumu.

Nyumba yetu ilikuwa na vitu vichache, na kila kitu kilikuwa na kazi. Baba alikuwa na msemo wake: "Kitu kisicho na kazi ni mgeni asiyeaga." Kila mtu alikuwa na sahani yake na kikombe chake, basi. Ukivunja sahani yako, utalia kwanza, halafu utakula kwenye jani la mgomba mpaka Baba atakapokwenda mnadani, na Baba hakuwa mtu wa kukimbilia mnadani. Maji yaliyoosha mboga ndiyo yaliyoosha vyombo, na yaliyoosha vyombo yalikwenda kwenye migomba. Majivu yalisugua masufuria, mengine yakamwagwa chooni. Tulipikia matawi ya mibuni iliyopogolewa, na maganda ya kahawa tuliyatupa kwenye shimo nyuma ya jiko, yakaoza pamoja na majani, migomba ikizunguka shimo lile na kunenepa kama wake wa machifu. Chupa yetu ya mafuta ya kula ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Nilitumwa nayo dukani ijazwe, na ole wangu niirudishe na ufa.

Kulikuwa na gauni moja la maua ya njano ambalo nalijua maisha yake yote. Lilianza kwa dada yangu Atupele, sote tukimwita Atu. Likaja kwangu. Likawa kitambaa cha kuepulia sufuria, na mwisho wake likawa utambi wa kibatari. Usiku mmoja nililitazama likiwaka nikasema, "Kwaheri gauni," na Baba akacheka mpaka akakohoa.

Msije mkadhani tulikuwa maskini. Baba alikuwa na shamba la kahawa, ng'ombe wawili, na ada zetu za shule hazikuchelewa. Hatukukosa vitu. Hatukuvitaka. Hizo ni habari mbili tofauti, na nitawaudhi wengi nikisema kwamba mpaka leo watu wazima wenye akili zao hawazitofautishi.

Sasa, jikoni, kwenye uchaga juu ya mafiga, kilining'inia kibuyu cha Mama. Kilikuwa cheusi tii kwa moshi, kimezibwa kwa gunzi, na ndani yake, katikati ya majivu makavu, zilikaa mbegu: ulezi, maboga, mboga za majani, maharage mekundu, na yale maharage yenye madoa madogo kama yai la kware. Moshi ulifukuza fukusi. Kila tulipovuna, kabla mtu hajatia kitu mdomoni, Mama alikaa na ungo akachagua punje bora kuliko zote, akazitia kibuyuni. Alikuwa amepewa mbegu zile na mama yake siku alipoolewa, na bibi naye alipewa na mama yake. Upande wa Mama, binti hatoki nyumbani mikono mitupu. Hutoka na mbegu za kibuyu cha mama yake.

Kilichokuwa kikiniudhi ni kwamba Mama hakuzikalia zile mbegu. Zilizozidi aligawa kwa majirani, tena zile nzuri nzuri! Mimi niliyekuwa nimetumwa kufukuza ndege shambani wiki nzima nilikuwa nikitazama kiganja cha mama Mwashi wa ng'ambo ya kijito kikijaa ulezi wetu, moyo ukaniuma. Nilimwuliza Mama kwa nini asiwape zile mbovu. Akanijibu, "Mbegu ukiifungia peke yako, umeifungia na fukusi." Nikaona ni maneno ya watu wakarimu wasiojua kujitetea.

Yale ya madoa tu ndiyo majirani waliyoyakataa. Yalitambaa, yakataka kuwekewa miti, na yalichelewa kukomaa. "Mama Atu, hayo ni maharage ya wenye subira, utuache," walimtania. Kwa hiyo yalibaki kwetu peke yetu. Ladha yake sitaweza kuwaeleza. Mchuzi wake ulikuwa mzito kama umetiwa karanga.

Atu alipopata mchumba kutoka Itumba, kijana mpole aliyekuwa akifundisha huko, ndipo alipoingia Shangazi.

Shangazi yetu tulimwita Shangazi Tunduma kwa sababu huko ndiko alikofanyia biashara zake za mpakani, za vitenge na vyombo. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, mwenye sauti ya kuita magari. Sitaki kumsingizia: alitupenda. Kila alipokuja alikula maharage ya madoa sahani mbili, akalamba kijiko, akamsifu Mama. Lakini nyumba yetu ilimchoma. "Kaka, watu watasema umefilisika," alimwambia Baba kila mara, akitazama kuta zetu kama mtu anayetazama kidonda.

Asubuhi ya siku ya posa alifika na pikapu. Jamani, pikapu ile! Makochi ya kuazima yenye nailoni yake bado. Zulia la plastiki. Maua ya plastiki. Chupa za chai za rangi zote. Na juu kabisa, limefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada, friji.

"Shangazi, hapa hakuna umeme," nikasema.

"Nani amekuuliza, Furaha? Nenda kafagie."

Ndiyo, naitwa Furaha. Chekeni tu.

Mama na Atu walikuwa wamekwenda kijitoni kuchota maji ya wageni. Baba alikuwa amekwenda kuwaita wazee wa ukoo. Nyumba ikabaki mikononi mwa Shangazi na vijana wake wawili wa kubeba. Mimi nilifagia mbele, nikafagia pembeni, kisha pua yangu ikanasa harufu ambayo sikuwahi kuinusa uani kwetu. Nikazunguka nyuma ya jiko.

Lile shimo letu la maganda lilikuwa linawaka. Nailoni za makochi zilikuwa zinajikunja na kudondosha matone ya moto, na chini yake ilikuwa mikeka yetu, vigoda, vikapu, ungo. Na kibuyu. Nilikiona kikipasuka. Nikasikia punje zinalia ta, ta, ta, kama bisi. Nilichukua kijiti nikajaribu kukivuta, moto ukanilamba vidole, kibuyu kikavunjika vipande na mbegu zote zikamwagika kwenye ile plastiki inayochemka.

"Shangazi! Mbegu za Mama!"

Akaja mbio, akanivuta nyuma kwa mkono. "Utaungua, mtoto huyu! Mbegu gani? Kile kibuyu cheusi? Takataka hizo, mwanangu. Mbegu zimejaa madukani Tunduma. Leo tunataka nyumba ya watu."

Nyumba ya watu! Sisi tulikuwa nani, mbuzi?

Mama alirudi na ndoo kichwani. Alisimama pale kwenye kona ya jiko na ndoo yake, akatazama moshi mweusi ukipita juu ya migomba. Nilingoja apige kelele. Nilingoja amwage maji yote ndani ya lile shimo na mengine kichwani kwa Shangazi. Hakufanya lolote. Alitua ndoo, akafunga kanga vizuri, akasema, "Wifi, wageni wako njiani. Chai iko tayari?" Nilimchukia siku ile. Nilidhani mama yangu ni mwoga.

Wageni walikuja, wakaketi kwenye makochi, nailoni zilizobaki zikipiga kelele chini yao kila walipojigeuza. Mjomba wa mchumba, mzee mnene mchangamfu, alilitazama friji kwa heshima, akaomba soda ya baridi.

Shangazi hakusita. "Samahani sana mzee wangu, umeme umekatika tangu asubuhi."

Mzee aligeuza shingo, akachungulia dirishani. Nguzo za umeme zilikuwa huko barabara kuu. Kijijini kwetu hakukuwa hata na moja. Baba aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu.

"Poleni," mzee akasema taratibu. "Hata kwetu hukatika hivyohivyo."

Posa ikapita. Ingepita hata tungekaa chini. Kesho yake pikapu ilirudi ikachukua kila ilichokuja nacho, maua ya plastiki pamoja, na Shangazi akatupungia mkono kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema. Tuliingia ndani. Hakuna mkeka. Hakuna kigoda. Ugali ulikosa kikapu, tukaula umewekwa sakafuni kwenye jani. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nyumba yetu kuwa maskini, na aliyeifukarisha ni mtu aliyekuja kuifichia umaskini.

Baba aliahidi kununua mbegu dukani. Mama akasema, "Ngoja kwanza." Akajifunga kanga ya pili, akaniambia nimfuate.

Tulianzia kwa mama Mwashi. Mama alimweleza yaliyotokea kwa sentensi moja, bila kumtukana mtu, na mama Mwashi akapiga kofi mapaja yake, "Weee!" Akaingia ndani, akatoka na ulezi, akammiminia Mama kwenye pindo la kanga. "Huu ni wako, Mama Atu. Uliwapa watoto wangu ule mwaka wa njaa." Nyumba ya pili tukapata mboga. Ya tatu, maboga, na kiti cha kukalia kidogo. Kwingine mekundu yalikuwa mengi mpaka nikabeba mimi kwenye gauni. Kila nyumba ilitoa, na kila nyumba ilimtania kwanza: "Leo mgawaji anaomba!" Mama alicheka nao. Jua lilipokaribia kuzama, pindo zote za kanga yake zilikuwa na mafundo.

Ya madoa hatukuyapata, na ya kula tulikuwa tumeshayamaliza. Tuliuliza kila mlango, hata kwa watu tusiowapenda. Nani angekuwa nayo? Yalikuwa yetu peke yetu.

Atu alipoondoka kwenda Itumba, Mama alimkabidhi kibuyu kipya, bado cha njano, bila moshi hata kidogo. Alimshika mikono akasema, "Mama yangu alinipa zote. Mimi nakupa pungufu." Akalia. Wageni walidhani ni kilio cha kawaida cha mama wa bibi harusi, wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama pembeni nikamtazama Shangazi, naye alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza Mama kwa nini hakumwambia Shangazi neno siku ile. Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Ningegombana na wifi yangu, posa ya dada yako ingekuwaje? Nilimchagua binti yangu." Basi. Woga niliomsingizia miaka yote haukuwa wake. Na ule ukarimu wake niliokuwa nikiudharau, nilikuja kuuelewa nilipopata watoto na bustani yangu hapa mjini, kwenye hivi viwanja vyetu visivyo na maji: Mama hakuwa akigawa tu, alikuwa akihifadhi. Ghala lake lilikuwa kijiji. Kilichopotea ni kile tu kilichokaa kwetu pekee, na alitosha mtu mmoja mwenye kiberiti na nia nzuri kukipoteza.

Mama hayupo tena. Shangazi yupo, mzee sasa, anaishi mtaa wa pili na uwanja wake wote ameusakafia. Juzi Jumapili alikuja kula kwangu. Nilimpikia maharage mekundu, yale ya kwa majirani zetu. Alikula, akalamba kijiko, kisha akasema, "Furaha, haya ni mazuri, lakini yale ya mama yako, yenye madoa kama yai la kware, bado unayo? Nipe mbegu kidogo nipande kwenye ndoo. Nimeyakumbuka mno."

Nilihisi vidole vinaniuma palepale ulipopita moto.

"Shangazi, yale uliyachoma."

"Mimi? Niliyachoma lini?"

Nikamweleza. Kibuyu, shimo, nailoni, siku ya posa ya Atu. Alikunja uso akatafuta, akatafuta kwelikweli, nilimwona. Halafu uso ukafunguka akacheka. "Aa, ile siku ya friji! Siku ile tulipendeza, mwanangu, we acha tu."

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Niliinuka nikaenda jikoni kwa sababu ningebaki pale ningesema maneno ambayo hayarudi. Nikateremsha kibuyu changu. Lakini Mama hakuwahi kumnyima mtu mbegu, na baada ya posa ile alimpa hata Shangazi, nilimwona kwa macho yangu. Nikachota mekundu kiganja kizima, nikamfungia kwenye pindo la kanga yake.

Alilipapasa lile fundo, akalifungua kidogo, akachungulia. "Haya ni mekundu," akalalamika. "Mimi nilitaka yale ya madoa."

"Na mimi, Shangazi," nikamwambia. "Na mimi nayataka."