Jiwe Nililolitoa Chini ya Pijo ya Mzee Karanja

Ni mimi niliyelitoa lile jiwe. Nasema hili kwanza kabisa, nisije nikaingiwa na woga nikafuta kila kitu kama nilivyofanya jana na juzi.

Wapenzi wa magari hapa Eldoret, mlinisifu sana kwa yale maonyesho yetu ya Kiplombe. Mlisema yamefana, mkauliza mengine ni lini. Ole wangu! Kila mkinisifu nazima simu.

Ule uwanja una mteremko. Na magari ya zamani mnayajua: breki ya mkono ni pambo tu, kwa hivyo mwenye gari akiegesha hutafuta jiwe akalisukuma chini ya gurudumu. Asubuhi ile kila gari lilikuwa na jiwe lake, mengine matofali. Mimi msimamizi nikaona aibu. Nikashika maikrofoni: "Wadau, toeni hizo mawe bana! Hii ni show, si garage!" Watu wakacheka. Wengi waliyatoa, wakayaacha magari kwenye gia.

Mzee Karanja alikataa. Ni mkulima wa viazi kule Ainabkoi, na ni mimi niliyembembeleza alete pikapu yake ya Pijo, ile ya samawati aliyoinunua akiwa kijana.

"Hii jiwe usiguse, msichana wangu," aliniambia. "Hii gari haina handbreki, na gia inajitoa. Ni jiwe tu inaishika."

"Sawa, Mzee." Akaenda zake kunywa chai kwenye hema la wageni.

Mpiga picha akafika kuipiga Pijo picha. "Madam, hiyo jiwe inaniharibia picha." Nikatazama huku na huku. Nikalisukuma kwa kiatu mpaka likatoka. Ni kwa picha moja tu, nilijiambia, kisha nalirudisha. Picha ikapigwa, nikaitwa getini, nikaenda mbio. Sikulirudisha. Jamani, sikulirudisha!

Niliporudi, vijana walikuwa wameiegemea Pijo wakijipiga selfie. Nikaiona ikianza kusogea. Haikupiga kelele yoyote, maana injini ilikuwa imezimwa, na muziki ulikuwa juu. Kule chini Mama Nekesa alikuwa anauza chai na mandazi, watoto wamekaa kwenye benchi lake. Nilisimama nikitazama tu. Wueh! Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Mtu akapiga nduru. Mama Nekesa akawavuta watoto, sufuria ikamwagikia mguu wake, Pijo ikapanda benchi na kugota kwenye ua wa uwanja. Chini ya gurudumu kulikuwa na kiatu cha mtoto. Ni kiatu tu, asante Mungu, lakini mimi hadi leo nikifumba macho nakiona.

Watu wakamzunguka Mzee. "Mzee, unaachaje gari bila jiwe? Unataka kuua watoto?"

Alikuwa bado ameshika kikombe. "Si niliweka?" akasema. Akanigeukia mimi. "Msichana wangu, si uliniona nikiweka?"

Hapo ndipo nilipofanya dhambi yenyewe. Nilimtazama machoni nikamwambia, "Labda ulisahau, Mzee."

Alimwomba Mama Nekesa msamaha, kofia mkononi. Wanawe walimnyang'anya ufunguo siku hiyo hiyo. Mguu wa Mama Nekesa umepona. Mzee hajapona.

Nilienda kumwona. Nilimkuta amekaa nje, Pijo imefunikwa turubai. "Nimeanza kupotea," akaniambia. "Hata mjukuu wangu naogopa kumwita jina, nisikosee. Na ile jiwe naiona kabisa nikiiweka, kwa hii mikono yangu. Sasa kama hiyo ni uongo, ni nini ingine kwa kichwa yangu ni ukweli?"

Nikalia. Nikamwambia yote: "Mzee, hukusahau. Ni mimi nililitoa."

Mnajua alifanya nini? Alinishika mkono, akatabasamu. "Asante, msichana wangu. Una roho nzuri sana. Lakini usinibebee makosa yangu."

Hakuniamini! Nilirudia, nikaapa, akanipigapiga begani kama mtoto aliyeanguka. Wanawe sijawaambia bado. Nasikia wanatafuta wa kuinunua Pijo, na wanataka kumpeleka baba yao kwa daktari wa kichwa. Naogopa daktari atamuuliza kama anasahau, na yeye atajibu ndiyo.

Wewe unayepanga maonyesho, ukikuta jiwe chini ya gurudumu, liache hapo. Picha iharibike! Na ukilitoa, sema ni wewe papo hapo, wakati bado utaaminika.

Na wewe mpiga picha, kama unasoma haya, nakupigia magoti. Ulikuwepo, uliniona. Jumamosi naenda Ainabkoi kuwaambia wanawe, na naogopa kwenda peke yangu. Twende pamoja umwambie Mzee kwamba jiwe aliliweka.