Mguu Kwenye Breki ya Pili

Wanafunzi wa udereva walimwita Ngurumo, na hawakumsingizia. Alikaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu, na ukikosea gia utajuta kuzaliwa. Alitukana gari, akakutukana wewe, akamtukana na aliyekuuzia viatu. "Nina hasira za karibu," alijisifu, "lakini sina kinyongo." Haya bwana.

Mkewe ndiye aliyemvua nguo. Jioni moja alimtazama akigomba huku akipangusa viganja kwenye suruali, akacheka. "Baba watoto, hasira gani hizo za kutoa jasho mikononi? Wewe mwoga tu."

Ngurumo alifoka mpaka jirani akafunga dirisha. Lakini neno lilimwingia. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kupasua sauti, alijichungulia kwanza: mdomo mkavu, viganja vimelowa. Loo! Kumbe hofu ndiyo iliyokuwa inatangulia, hasira inakuja kuifichia aibu. Ila kujua si kuweza. Wanafunzi waliendelea kukiona cha moto.

Ikafika zamu ya bintiye. Alikuwa amepata kazi ya kusambaza dawa, sharti awe na leseni, na baba aliyemkwepa miaka yote akakosa pa kujificha.

Walifika kwenye reli. Gari likapanda, likatikisika, likazima, magurudumu ya nyuma yakiwa bado katikati ya vyuma. Binti akawasha bila kukanyaga klachi. Gari likaruka kidogo, likazima tena. Ndipo honi ya treni ikalia nyuma ya maghala.

Kushuka? Mkanda wa kiti cha dereva ulikuwa mkongwe, haufunguki mpaka uubembeleze. Ngurumo alihisi ukelele unampanda kooni. Alikuwa ameona mengi: ukimfokea mwanafunzi aliyeshikwa na hofu, anaganda, hasikii tena. Na huyu alikuwa mwanawe. Akapangusa viganja kwenye suruali. Si hasira hii, akajiambia, ni woga mtupu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti nyembamba, "baba yako anaogopa. Anaogopa sana."

"Hata mimi, baba."

"Basi tuogope wote. Kanyaga klachi. Enhe. Toa gia. Washa."

Likawaka. Honi ikalia tena, karibu mno.

"Klachi. Gia ya kwanza. Mafuta kidogo, mama, achia polepole."

Gari likajikokota likashuka ng'ambo. Treni ikapita nyuma yao, vioo vyote vikatetemeka. Ngurumo akakanyaga breki yake, wakasimama kando ya barabara.

"Mbona hukunifokea?" binti akauliza.

"Niliogopa."

"Na siku ukinifokea?"

"Naogopa vilevile."

"Hata ile siku uliyonichapa kwa kuchelewa kutoka shule?"

"Siku ile niliogopa kuliko leo."

Machozi yakamtiririka binti. "Mimi nilijua unanichukia."

Nani kakwambia upuuzi huo! Kauli hiyo ilikuwa imeshafika ulimini. Ngurumo akaitazama mikono yake, imelowa chepechepe, akaimeza ile kauli.

"Nisamehe, mama."

Binti akajifuta uso, akaingiza gia, akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, halisogei.

"Baba," akasema taratibu, "toa mguu kwenye breki."